Dhoruba Haingoji Ratiba ya Kompyuta

Katika mijadala kuhusu huduma za hali ya hewa nchini Tanzania, kama ilivyo katika nchi jirani, umejengeka mtazamo unaoonekana kuwa wa busara kiasi kwamba ni nadra kuhojiwa. Mtazamo huo unasema kwamba uwezo wa kutabiri dhoruba hupimwa kwa ukubwa wa mitambo: rada ngapi zimefungwa, kompyuta ina nguvu kiasi gani, na modeli ya utabiri, yaani programu inayokokotoa mwenendo wa hewa kwa kanuni za fizikia, inaendeshwa mara ngapi kwa siku. Upo upande wa pili wa mtazamo huohuo, ambao hutamkwa kwa sauti ya chini lakini ndio wenye madhara zaidi. Upande huo unashikilia kwamba mifumo ya ukokotoaji inayojirekebisha, yaani ile inayobadili kazi yake, eneo inalolitazama na saa ya kuanza kulingana na hali ya hewa ya siku yenyewe, ni anasa ya mataifa tajiri, na kwamba nchi yenye fedha kidogo haina budi kununua kwanza mtambo mkubwa na kuuendesha kwa ratiba ya kudumu, kisha mengine yafuate. Makala haya yanapinga pande zote mbili, na yanazipinga kwa kuutazama ukingo mmoja wa maji: Mwigobero, kata ya Manispaa ya Musoma iliyo kando ya Ziwa Victoria, ambayo watu wake, kama wale wa mialo ya Bunda, huishi kwa kuingia ziwani na kutoka.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na ukubwa huo unatosha kulifanya lijitengenezee hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa yenye ubaridi zaidi huvutwa kutoka ziwani kuijaza nafasi iliyoachwa. Huo ndio upepo wa ziwani unaopanda kuelekea vilima vya Butiama, mbuga za Serengeti na nyanda za juu za Kenya, ambako mawingu ya radi hukua alasiri. Usiku mambo hugeuka. Maji hubaki na joto lake wakati nchi inapoa, upepo hutoka nchi kavu kutoka pande zote za ziwa na kukutana juu ya maji, na panapokutana hewa haina njia nyingine ila kupanda, ikibeba unyevu wa maji yenye joto ambao huzalisha mawingu marefu ya radi. Kwa sababu hiyo dhoruba za ziwani hufikia kilele chake kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi, saa ambazo nchi kavu kwa kawaida imekwisha kutulia.

Saa hizo ndizo saa za kazi za mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri usiku usio na mbalamwezi, hivyo mitumbwi huondoka jioni, hukaa majini katika giza lote la usiku na kurejea alfajiri. Hakuna kazi nyingine katika mkoa wa Mara ambayo ratiba yake inalingana kwa ukamilifu hivyo na ratiba ya hatari. Taifa linaikumbuka kwa haki MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ingawa katika mikasa yote miwili chanzo hakikuwa dhoruba. Mtumbwi wenye watu wanne uliopotea usiku wa upepo hauna mnara wala siku ya kumbukumbu. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi, ambayo watafiti wenyewe hawakubaliani juu yake, hutaja vifo kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika ziwa lote. Hata kama idadi halisi ni ndogo kuliko hiyo, inatosha kulifanya suala la utabiri wa usiku kuwa suala la uhai kabla ya kuwa suala la teknolojia.

Ni lazima hapa kuondoa kosa moja linalorudiwa hata na watu wenye elimu. Kwa kuwa Bukoba hupata mvua zaidi ya maradufu ya ile ya Musoma, hudhaniwa kwamba upande wa mashariki wa ziwa ni salama zaidi. Mvua, hata hivyo, si kitu kinachopindua mtumbwi. Wingu la radi linapomwaga mvua, hewa iliyopozwa ndani yake huanguka kwa nguvu, hugonga uso wa maji na kusambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni, na ukingo wa hewa hiyo unaweza kusafiri makumi ya kilomita mbele ya mvua yenyewe, mahali ambapo nyota bado zinaonekana. Mvuvi aliye nje ya Ghuba ya Mara anaweza kupigwa na upepo wa wingu ambalo halitamfikishia hata tone moja. Utabiri unaosema tu kwamba mvua itanyesha katika maeneo machache haujajibu swali lake.

Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti uliotumia picha za setilaiti na modeli kuonyesha kwamba ukali wa dhoruba za usiku juu ya ziwa unahusiana na nguvu ya mawingu ya radi yaliyotokea nchi kavu alasiri iliyotangulia, na mwaka uliofuata walionyesha namna uhusiano huo unavyoweza kutumika kutoa onyo la mapema. Maana yake ni kwamba dalili ya usiku mbaya mara nyingi huwa imekwisha kuonekana juu ya vilima kabla ya jua kuzama. Utafiti huohuo wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba, iwapo joto la dunia litaendelea kuongezeka bila kudhibitiwa, dhoruba ya ukali ambao leo hutokea mara moja katika miaka 15 itakaribia kutokea kila mwaka ifikapo mwisho wa karne hii.

Basi na iulizwe ratiba ya kudumu hufanya nini na dalili hiyo ya alasiri. Modeli za dunia nzima, ambazo huipatia modeli ya nchi taarifa za hewa inayoingia kupitia mipaka ya eneo lake, kwa kawaida huanzishwa mara nne kwa siku, ambazo kwa saa za Tanzania ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Matokeo hayatoki papo hapo. Hungoja vipimo vikusanywe na hesabu zifanyike, na kwa mzunguko wa saa tisa alasiri huanza kupatikana takriban saa tatu na nusu hadi tano baadaye, yaani kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa mbili usiku. Modeli ya nchi inayongoja matokeo hayo ndipo ianze kazi yake itamaliza usiku ukiwa umekwenda, mitumbwi ikiwa mbali ziwani, na simu nyingi zikiwa nje ya mtandao. Kwa hiyo utabiri wa modeli unaoweza kumfikia mvuvi kabla hajaondoka ni ule uliotokana na mzunguko wa saa tatu asubuhi, saa ambayo mawingu ya alasiri hayajazaliwa.

Hapa ndipo hoja ya ukubwa inapokwama. Kompyuta ikiongezwa nguvu mara kumi, lakini ikaendelea kuamshwa kwa saa zilezile, itaikosa dalili ileile kwa haraka zaidi. Hii haina maana kwamba watabiri hawayaoni mawingu; wanayaona katika picha za setilaiti, na weledi wao ndio unaookoa watu hadi sasa. Kinachohitajika ni kwamba kile anachokiona mtabiri saa kumi jioni kiwe na uwezo wa kuiamrisha kompyuta: iache kazi inayoweza kungoja, ifungue dirisha dogo la ukokotoaji juu ya upande wa mashariki wa ziwa, ianze na picha ya mawingu na vipimo vya rada vya saa hiyo hata kama taarifa za mipakani ni za asubuhi, na imalize kabla ya mitumbwi kushushwa. Ukubwa wa dirisha, urefu wa muda unaotabiriwa na idadi ya marudio huchaguliwa kwa kuhesabu nyuma kutoka saa ya mvuvi kuondoka. Usiku ambao hakuna dalili, nguvu hiyohiyo hurudi kwenye mvua za msimu, bahari au usafiri wa anga. Huo ndio mfumo unaojirekebisha, na hauna kitu chochote cha kifahari.

Hesabu ya gridi inaonyesha vivyo hivyo. Modeli hugawa anga katika miraba, na wingu la radi lenye upana wa kilomita chache haliwezi kuchorwa vizuri na mraba wenye upana unaolingana nalo. Tangu miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010, Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza imeendesha kwa ajili ya eneo hili modeli yenye miraba ya takriban kilomita nne, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kushuka kutoka kilomita nne hadi moja, hata hivyo, huzidisha idadi ya miraba mara 16, na kwa kuwa hatua za muda nazo hazina budi kufupishwa mara nne ili hewa isiruke mraba mzima kwa hatua moja, kazi yote huongezeka mara 64, bila kuhesabu tabaka za juu. Tanzania ina eneo la takriban kilomita za mraba 947,000. Anayetaka kuifunika nchi yote kwa miraba ya kilomita moja, kila siku, kunapotarajiwa dhoruba na kusipotarajiwa, anatafuta mtambo ambao bajeti haitaufikia, na atakapoukosa atahitimisha kwamba utabiri wa aina hiyo si wa nchi kama hii. Dirisha la kilomita 200 kwa 200 juu ya maji ya Mara na jirani zake ni chini ya asilimia tano ya eneo la nchi. Uchache wa fedha, ambao watetezi wa mtazamo ulioenea huutaja kuwa sababu ya kuahirisha, ndio sababu ya kuanza.

Historia yenyewe haiwaungi mkono wanaoita mifumo hii anasa. Mradi wa LEAD, ulioanzishwa nchini Marekani mwaka 2003 kwa fedha za taasisi ya taifa ya sayansi ya nchi hiyo na kuongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Oklahoma, ulitokana na kukiri kwamba hata nchi yenye kompyuta kubwa sana haiwezi kukokotoa kila mahali kwa undani unaohitajika na vimbunga vya nchi kavu, na kwamba modeli zilizofungwa katika ratiba na eneo la kudumu zilikuwa zikipoteza nguvu mahali pasipo na hatari. Mwaka 2007 wahusika wake walifanya majaribio ambamo dirisha la modeli lilianzishwa kwa kuitwa, mahali palipoonekana kuwa na hatari siku hiyo. Mradi wa CASA, ulioanza mwaka huohuo wa 2003 chini ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, ulishughulikia upande wa macho ya mfumo: rada ndogo zilizo karibukaribu, ambazo huelekezwa upya kila baada ya muda mfupi kwenye wingu lenye hatari badala ya kuzunguka anga lote kwa zamu ileile. Tajiri alianza kubana matumizi. Ni ajabu kwamba anayepaswa kubana zaidi ndiye anayeambiwa angoje.

Suala la macho linaigusa Mwigobero moja kwa moja. Rada ya Mwanza ni mali kubwa ya kanda nzima, na hakuna hoja katika makala haya inayopunguza thamani yake. Musoma, hata hivyo, iko umbali wa takriban kilomita 150 kutoka Mwanza kwa mstari ulionyooka, na kwa kuwa dunia imepinda, mwale wa rada unaoinuliwa nusu nyuzi huwa umefika kimo cha takriban kilomita mbili na nusu juu ya rada unapoifikia Musoma. Mwale huo unaliona wingu, lakini hauoni hewa baridi inayotambaa juu ya maji chini yake. Kuongeza nguvu ya rada hakuinyooshi dunia. Kinachosaidia ni vifaa vidogo vilivyo karibu: vipima upepo vinavyojiendesha kwenye visiwa na mialoni, rada ndogo ya ghuba, na kituo cha hali ya hewa cha Musoma kuunganishwa na ukokotoaji kwa namna ambayo kugeuka ghafla kwa upepo kunahesabiwa ndani ya dakika chache.

Watetezi wa mtazamo ulioenea wana mfano wao mzuri, na ni haki kuutaja. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo siku kadhaa kabla, na ratiba ya kawaida ya modeli ilitosha. Ilitosha kwa sababu kimbunga cha baharini ni kiumbe kikubwa, kinachosafiri kwa siku nyingi na kuonekana kikija. Dhoruba ya ziwani huzaliwa, huua na kufa ndani ya saa chache. Kutumia ushindi wa Hidaya kuthibitisha kwamba ratiba ya kudumu inalitosha ziwa ni kupima vitu viwili visivyolingana kwa kipimo kimoja. Mfano unaofaa zaidi ni mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 kwa ushirikiano wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani na taasisi za hali ya hewa za nchi zinazolizunguka ziwa, ambao ulikusanya vipimo vya ziada na kuwapelekea wavuvi utabiri wa ziwa wenyewe badala ya utabiri wa mkoa. Tathmini iliyofuata ilikadiria kwamba vifo vinavyotokana na hali ya hewa vilipungua kwa takriban asilimia 30. Mafanikio hayo hayakuletwa na kompyuta kubwa kuliko zote. Yalitokana na kuipanga huduma kwa kuyafuata maji na watu wake.

Wapo wanaosema kwamba kazi hii yote inaweza kuachiwa vituo vya nje, ambavyo vina kompyuta kubwa na sasa vina modeli za akili bandia zinazotoa utabiri wa siku kumi kwa dakika. Modeli hizo zinastahili heshima, lakini GraphCast, iliyotangazwa mwaka 2023, ina miraba ya takriban kilomita 28, na Ghuba ya Mara ni nyembamba kuliko mraba mmoja. Kukodi nguvu ya ukokotoaji ng'ambo wakati wa haja ni jambo jema na ni sehemu halali ya mfumo unaojirekebisha; kosa ni kuifanya kuwa nguzo pekee. Tarehe 12 Mei 2024, siku chache tu baada ya Hidaya, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari ziliharibika na intaneti ya Tanzania na jirani zake ikadhoofika vibaya. Mfumo uliopangwa vizuri hubaki na kitu cha kufanya siku kama hiyo: kompyuta ya wastani iliyoko Mwanza au Dar es Salaam, yenye uwezo wa kuendesha dirisha dogo kwa picha za setilaiti zinazopokelewa kwa dishi, bila kungoja waya.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa wanaolijua ziwa, wanaosema kwamba mvuvi hasikilizi utabiri, kwa hiyo kuuboresha hakuna faida. Madai haya yanamdhulumu mvuvi. Onyo likitolewa kwa mikoa ya Kagera, Geita, Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Mara kwa pamoja, kwa siku nzima, mvuvi wa Mwigobero anajua kwa uzoefu kwamba mara nyingi upepo hautamfikia yeye. Usiku asioingia ziwani ni mafuta yaliyonunuliwa bila kazi, ni deni la injini lisilolipwa, na ni mmoja kati ya usiku wachache wa giza ambao mwezi unampa. Anapolipuuza onyo pana anafanya hesabu, na hesabu yake si ya kijinga. Ngazi tatu za maonyo zinazotumika nchini, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zitakuwa na uzito mwaloni pale zitakapotaja sehemu ya ziwa na saa, zikiandamana na kiwango cha uwezekano kilichopatikana kwa kuendesha dirisha dogo mara nyingi, kila mara kwa tofauti ndogo za mwanzo. Usahihi wa mahali na saa ndio unaorudisha imani, na usahihi huo hautoki katika mzunguko wa asubuhi. Njia za kuufikisha zipo tayari: uongozi wa BMU, ambavyo ni vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, redio za mkoani, na simu ambayo karibu kila nahodha anayo.

Lipo pia jambo la mipaka, ambalo mtazamo wa mtambo mmoja mkubwa wa taifa hauligusi kabisa. Mawingu yanayoanzisha usiku mbaya wa Musoma mara nyingi hukua alasiri juu ya ardhi ya Kenya, na Tanzania, ingawa inamiliki takriban nusu ya ziwa, haiwezi kuupima vizuri mwanzo wa dhoruba yake bila vipimo vya jirani. Kituo cha Dar es Salaam tayari kina dhamana ya kikanda ya kusaidia utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa nchi za bonde hili, na dhamana hiyo ndiyo mahali pa kujenga makubaliano kwamba kipimo cha Kisii au Narok kinaweza kuiamsha kompyuta ya Mwanza bila barua kuandikwa.

Wanaoandaa bajeti ya mitambo ya hali ya hewa, pamoja na wafadhili wanaoichangia, wanaombwa wasitie saini ununuzi mwingine wowote kabla ya kuweka katika mkataba sharti moja linaloweza kupimwa na mtu yeyote mwenye saa: kwamba siku ambayo mawingu ya radi yamejengeka juu ya Butiama na Serengeti, mwalo wa Mwigobero uwe umepata neno mahususi kuhusu usiku huo, kwa sehemu ya ziwa na kwa saa, kabla ya saa kumi na mbili jioni.